Damu ya Karani

Jumatatu, 3 Machi
Karani hali chakula, siku ya tatu sasa. Ni mbwa wa marehemu mume wangu – alimwita hivyo kwa sababu mbwa alikuwa anakaa mlangoni pa chumba cha kushonea, akimkagua kila mteja. Leo ametapika nyongo. Nimempeleka kwa daktari wa wanyama. Amembonyeza tumbo, akavuta damu. Anasema kuna kiungo karibu na tumbo, kongosho, kinachotoa kimeng'enya cha kusaga mafuta. Kikiugua, kimeng'enya hujaa kwenye damu. Akauliza kama kuna dawa ninayompa. Nikasema hakuna.

Hakuna! Sijui nilipatwa na nini.

Jumatano, 5 Machi
Majibu. Kimeng'enya kimepanda mara nne. Daktari anahofia saratani ya kongosho. Kwa umri wake, amesema, tusimtese. Ijumaa apigwe sindano, alale moja kwa moja. Nimeitikia kwa kichwa tu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwepo. Njiani akanitania eti huyu mbwa anatibiwa kuliko waziri. Kisha akalia yeye kabla yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike ukweli. Wiki mbili nzima, kabla hajaacha kula, nilikuwa nikimpa Karani vidonge vya mume wangu, vile vya maumivu ya viungo. Vilibaki nusu kopo. Kuvitupa sikuweza. Naye mbwa alikuwa anachechemea, nikaona vitamfaa. Nilivificha ndani ya mkate, kila asubuhi nikimwambia, "Haya, meza, baba." Ndivyo nilivyokuwa namwambia marehemu mwenyewe.

Wifi ameliona kopo.
"Wifi! Daktari anajua?"
Nikalichukua, nikalifunga kifuniko.
"Kwa hiyo mbwa afe ili wewe usione aibu?"

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Nimempa daktari kopo mkononi. Hakunifokea – bora angefoka! Kumbe dawa hizi zinaweza kupandisha kimeng'enya hata pasipo saratani. Sindano ile ameiweka kando. Amempiga picha ya tumbo, akaona maji kidogo ndani, akayavuta ayapime. Kimeng'enya kikiwa kingi humo kuliko kwenye damu, basi kongosho lenyewe linaugua, si kosa la vidonge tena, na sindano itarudi.

Wifi anataka tukasubiri nyumbani. Nimekataa. Naandika hapa hapa kwenye benchi, Karani amelaza kichwa juu ya kiatu changu. Kizito. Mlango wa maabara umefunguka. Daktari hana haraka.

"Mama, kaa kwanza," anasema.

Mbona nimekaa –