Stoo Imepoa

Jumamosi, 3 Agosti

Mahindi yameingia ndani! Magunia tisa, na mawili ya maharage. Hicho ndicho chakula chetu mpaka mavuno yajayo, hakuna kingine. Mgongo wangu si wangu.

Tumeyapanga juu ya vichanja vya mbao, mbali kidogo na ukuta, kama Mama alivyonifundisha zamani. Mwenyewe alikaa mlangoni kwenye kigoda akisimamia. Tangu Kaka amlete kwetu mwezi wa tano sijamwona amechangamka hivi. Alitupimia kwa chupa: chumvi kavu, punje kiasi, tikisa, subiri, tazama. Hakuna chumvi iliyoganda kwenye kioo. Akasema haya yamekauka, fungeni. Kusahau anasahau – jana kaniuliza mara tatu kama nimeolewa – lakini kwenye nafaka humdanganyi.

Tatizo ni joto. Stoo inapigwa na jua la jioni, bati juu, dari hakuna. Kipimajoto nilichoazima kazini kinasema thelathini na mbili. Mimi, mtunza dawa wa zahanati! Kutwa nasoma kwenye maboksi "hifadhi mahali pakavu penye ubaridi", na kwangu mahindi yanataka kuiva bila moto.

Jumanne, 6 Agosti

Thelathini na mbili tena.

Nimelalamika mezani mpaka Baba Watoto kaniita Waziri wa Magunia. Anacheka! Watoto wako bweni, yeye anakula na kulala, wa kuumwa kichwa ni mimi. Haya, kaahidi kupaka bati chokaa Jumapili. Tutaona.

Mama aliacha kula akaniuliza, kwa hiyo stoo panachemka? Nikamwambia panachemka, Mama, na nafaka ikichemka imekwisha. Akatikisa kichwa. Tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza tena. Nikamjibu tena, maneno yale yale.

Jumapili, 11 Agosti

Bati limepakwa. Baba Watoto kashuka kwenye ngazi mweupe kama mwoka mikate, nimecheka mpaka mbavu zikauma. Jioni nikaenda kusoma kipimajoto. Ishirini na saba! Nimekisoma mara mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Ishirini na sita. Kumbe chokaa ni kitu!

Nilimkuta Mama kibarazani nikamwambia: Mama, stoo imepoa, hizo ni dua zako. Alicheka mpaka fizi zikaonekana. Akasema ataendelea. Nikamshukuru. Siku njema. Sijawa na siku njema kama hii tangu aje.

Alhamisi, 22 Agosti

Kuna harufu. Ile ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Nimetia mkono kwenye gunia la chini. Punje ni baridi, lakini si ubaridi ninaoutaka. Zinanata. Nimefanya chupa, chumvi ikaganda kioo kizima. Nikasema labda chupa haikukauka. Nikachukua nyingine, nikaianika juani saa nzima, nikarudia. Imeganda vile vile.

Maji yanatoka wapi? Mvua haijanyesha tangu Juni! Nimekaa juu ya kigoda cha Mama, mikono kichwani.

Ijumaa, 23 Agosti

Fundi bomba kaja. Sisi tunamwita Kesho, kwa kuwa ndiyo siku yake ya kazi. Leo kaja leo, nikajua mambo yamekuwa mabaya kweli.

Kagonga kuta, kaweka sikio kama daktari, kasema bomba la jikoni linavuja ndani ya ukuta. Kavunja ukuta. Bomba kavu. Akasema basi maji yanapanda kutoka ardhini. Kavunja saruji kwenye kona. Chini vumbi tupu, hata mchwa wamehama. Akakusanya nyundo zake akasema atarudi kesho kuziba.

Nikamgeukia Baba Watoto. Nikamwambia alitoboa bati alipokuwa anajipaka chokaa. Naye akaniuliza, hiyo mvua inanyesha stoo peke yake? Tukapandishiana sauti mbele ya Mama. Aibu. Mama akatuangalia, akasema tusigombane, chakula kipo.

Jumatano, 28 Agosti

Nimejua.

Wakaguzi wa dawa hawakutokea, tukaruhusiwa saa saba. Nimefika nyumbani, mlango wa stoo uko wazi. Mama yumo ndani, miguu mitupu, ndoo pembeni. Anachota kwa kiganja, ananyunyiza. Sakafu. Ukuta. Kisha magunia yenyewe, moja moja, taratibu, kama anayempoza mtoto mwenye homa.

Niliweka mkoba chini.

Akageuka, uso unang'aa. "Umeona palivyopoa? Si ulisema panachemka?"

Ni mimi niliyesema. Mara mbili! Na ni mimi niliyemsifu, nikamwambia dua zake hizo, naye akaniahidi ataendelea. Kila mchana mimi nikiwa kazini, wiki tatu. Chokaa ya watu haikuwa na lolote.

Nimemtoa, nikamfuta miguu. Jioni Baba Watoto akauliza nani kamwaga maji stoo. Mama akamjibu kwa upole kabisa, amuulize fundi. Hakuwa anadanganya. Hakumbuki.

Alhamisi, 29 Agosti

Sikwenda kazini. Nimempigia Kaka. Kasema nifunge kufuli, shida iko wapi? Rahisi kusema ukiwa mbali, na umeshamkabidhi mtu mzigo.

Nilimuuliza kama anaukumbuka mwaka ule wa ukame. Kasema kidogo. Mimi naukumbuka wote. Baba ameshafariki, sisi wadogo, na kila mchana Mama anaingia stoo na ndoo yake, anafunga mlango. Tunasikia maji yakinyunyizwa sakafuni – chwa, chwa. Anatoka anasema chakula kimepoa, kiko salama, ila tule kidogo kidogo kifike mbali. Tulikula kidogo kweli. Siku nyingine uji wa kuonea sura yako ndani yake. Lakini ile sauti ilitutuliza, tukalala. Chakula kipo, Mama anakitunza.

Sakafu ile ilikuwa ya udongo, inakunywa maji na kutoa ubaridi. Hii yangu ya saruji haimezi kitu, unyevu unapanda kwenye magunia. Kosa ni hilo tu! Nimemweleza Mama mara nne leo. Mara zote nne kaniambia pole, akashika shavu lake kwa majuto. Saa nane nikamkuta bombani na ndoo.

Jumapili, 1 Septemba

Tumemwaga yote uani juu ya turubai. Ukungu wa kijani. Kwingine mweusi.

Daktari wetu pale zahanati aliniambia wazi: ukungu huo ni sumu, unakula ini, kuosha hakuuondoi, kuku nao nisiwape. Basi magunia matano ya mahindi yameenda shimoni nyuma ya nyumba. Na maharage yote mawili. Baba Watoto ndiye aliyechimba. Leo hakuniita Waziri. Alichimba, kisha nikamwona anajifuta macho kwa kiwiko, akasema ni jasho.

Yamebaki manne. Watoto wanafunga shule mwezi wa kumi na mbili, watarudi na matumbo yao. Sitaki hata kufikiria yataishia lini.

Nimefunga kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Jumatano, 4 Septemba

Mama hali. Tangu juzi ni maji na chai tu.

Anakaa mbele ya mlango wa stoo tangu asubuhi mpaka jua linazama. Analishika kufuli, analiachia. Analishika tena. Nimempelekea sahani pale pale, kaisukuma. Kisha akanitazama machoni, kwa akili zake zote, kama zamani. "Nimekosa nini, mwanangu, hata unifungie chakula?"

Ningefanya nini? Nimekaa chini kwenye saruji nikalia kama mtoto. Akanifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Alipomaliza kunifuta akili zake zilikuwa zimeshaondoka tena, akawa ananiita Dada. Dada yake mkubwa alifariki mimi sijaanza shule. Nimeitika. Nimechoka kukataa.

Ijumaa, 6 Septemba

Wazo ni la Baba Watoto. Magunia manne yaliyopona tumeyaleta chumbani kwetu, mawili chini ya kitanda, mawili yamesimama kwenye kona. Stoo tumejaza magunia ya magunzi, tukayafunga midomo vizuri. Mama afunguliwe, amwage maji yake, apoze magunzi, roho yake itulie ale.

Ni uongo. Najua. Kumdanganya aliyenizaa kwa magunzi! Lakini siku ya tano hii hajala, na mimi yamenifika shingoni.

Chumbani hakuna pa kukanyaga. Nimetundika kipimajoto juu ya kitanda. Thelathini na mbili. Haya.

Jumamosi, 7 Septemba

Saa tisa mchana. Naandikia hapa hapa ndani ya stoo, daftari kwenye goti.

Nilimfungulia mwenyewe. Aliingia na ndoo, furaha tele, ananiita Dada. Alinyunyiza sakafu. Akanyunyiza ukuta. Nikasema moyoni, afadhali. Kisha akaweka ndoo chini, akafungua gunia la kwanza akatia mkono.

Nilishaandika humu kwamba kwenye nafaka humdanganyi. Niliandika mwenyewe!

Mkono ulitoka na gunzi. Akaliangalia. Akafungua la pili, akatia mkono mpaka begani. La tatu. Nikangoja alie, au anilaani, ningestahili kulaaniwa. Hakulia. Alikuja mlangoni akaufunga, tukabaki wawili kwenye giza. Akasogea sikioni mwangu.

"Dada, humu hamna kitu. Kimekwisha tangu mwezi ule. Usiwaambie watoto, tafadhali. Mimi naingia kila siku namwaga maji, wakisikia wanajua kipo, wanalala."

Akanyunyiza kiganja kimoja. Chwa. Akaniangalia nione inavyofanywa.

Zaidi ya miaka arobaini nimeibeba sauti hiyo kama ushahidi kwamba tulikuwa na chakula. Nimewahadithia wanangu! Ilikuwa stoo tupu. Alikuwa humu peke yake na ndoo, anasikilizia kama tumeshatulia ndipo atoke. Sisi tulikuwa tumekaa nje ya mlango, tumetosheka.

Sasa maji yameisha. Ametoka kujaza ndoo, mlango kaurudishia, kaniachia zamu, kasema nikisikia watoto wanasogea nisinyamaze, ninyunyize. Kuna kiganja kimoja cha maji kwenye kopo hapa chini.

Baba Watoto amesimama nje. Anaita, anataka kujua kama Mama ameridhika, kama tumefanikiwa. Anauliza, mke wangu, huko kuko salama?

Namsikia Mama anafunga bomba. Baba Watoto anauliza tena. Nimeliinua kopo.