Sindano ya mama kwenye mnyororo wa kifaru

Wee! Siamini. Ile minyororo ya chuma niliyonunua leo kwa fundi saa, ya kile kifaru changu cha vita cha modeli, ni YANGU. Ile iliyopotea mezani kwangu!

Naivisha kwenye magurudumu, naona kiungo kimoja kimeshikwa na kipande cha sindano. Sindano ya mama! Niliikata kwa mkono wangu kuunga kiungo hicho kilipokatika.

Mtu kaniuzia jasho langu mwenyewe.

Nimempigia fundi saa. Eti, "Kaiuza rafiki yako." Rafiki yangu! Yupi? Akaanza kuumauma maneno.

Mimi nilitaka ya plastiki, mpya. Nani alinikazania, "Achana na plastiki, fundi saa anayo ya chuma"?

Tiki zimekuwa bluu. Mbona kimya, ndugu yangu?