Lituma Isipoe

Mpendwa Yaya,

Kesho tunaanua matanga yako, dada yangu mkubwa, hapa hapa Lubunga, ng'ambo ya mji, uani kwako, na mimi sina kitu cha kutoa. Jana Papa Basile alinikuta ufukweni nikisubiri mtumbwi. Gitaa lake lilikuwa mgongoni, limefungwa kwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Aliniuliza hata kabla ya salamu: "Petit, mdogo wangu, kesho uko na kipande gani? Sheria ya yaya yako unaijua. Bila kipande, hakuna sahani." Nikamjibu bado natafuta. Akanitazama, akasema, "Donc tangu akufe uko unatafuta tu." Mtumbwi ukafika, tukapanda, tukavuka mto.

Amesema kweli. Tangu ulipotutoka sijaandika hata onyesho moja. Kikundi chetu cha maigizo kimerudi jukwaani, lakini kinacheza michezo yangu ya zamani, na wenzangu wana adabu, hawaniulizi. Nakaa mezani, naandika mstari, nausoma kwa sauti, halafu nangoja. Nangoja nini, wewe unajua.

Unakumbuka tulivyokuwa korona ilipofika? Baa zilifungwa, harusi zikasimama, ukumbi wetu ukatiwa kufuli. Papa Basile aliyepiga gitaa kwenye baa hakuwa na pa kupiga. Saidi, mchoraji wa vibao, akaambiwa na wenye saluni asubiri. Furaha aliyechekesha watu harusini akabaki na vichekesho vyake mdomoni. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa na mshahara wa kungojea, hata kama ulichelewa. Sisi tulikuwa tunakula tulichocheza jana. Msaada ulipopita mtaani, waliougawa walituuliza kazi zetu, tukawatajia, wakatabasamu na kusonga mbele. Nilikuwa na hasira siku ile, na ninayo mpaka leo.

Wewe ulikuwa unauza lituma karibu na mahali pa kuvukia, ndizi zako ulizochemsha na kutwanga mpaka zikawa madonge laini, na samaki pembeni. Biashara yako nayo ilikuwa imelala. Lakini shamba lilikuwepo nyuma ya nyumba, ndizi zilikuwa zinazaa bila kujali habari za redio, ukaniambia niwaite wenzangu waje kula.

Papa Basile alikataa. Alituma neno kwamba hajafika mahali pa kuombaomba chakula kwa dada wa mtu. Nilidhani utakasirika. Ulicheka, ukasogeza kuni, ukasema: "Mwambie siko namuita kukula. Niko namuita kazi. Hii cuisine yangu haina musique, natwanga ndizi kama mutu mwenye analia."

Akaja. Alivaa shati lake la Jumapili, akakaa kwenye kigoda mbali na wengine kama ulivyoagiza, akanawa, akapiga. Mchi wako ukaanza kumfuata, halafu yeye akaanza kuufuata mchi, na majirani wakatoka milangoni. Ulipomaliza, ulimpelekea sahani kwa mikono miwili, ukaiweka chini, ukarudi nyuma hatua chache. "Papa Basile, cachet yako," ukamwambia. Hilo ndilo neno letu la malipo ya msanii akishuka jukwaani, na wewe ulilitamka kama mtu aliyeajiri wanamuziki maisha yake yote. Alikula ameinamisha kichwa. Nilimwona akipangusa macho, nikageuka kuangalia kuku.

Kuanzia hapo ikawa sheria. Hakuna aliyegusa sahani kabla ya kutoa kipande: wimbo, kichekesho au ukurasa, na hata Furaha alipokuja dhaifu kwa njaa hakusamehewa. Niliwahi kukunong'oneza kwamba unawatesa. Ukanijibu, "Mutu mwenye iko anatumika kazi haiko muombaji. Acha watoke hapa na kichwa juu."

Saidi ulimpa ukuta. Ulitaka picha ya watu wakinawa mikono, ili kila anayeingia akumbuke. Masikini Saidi, miaka yote hajawahi kuchora mikono mingine isipokuwa ya saluni, basi akachora mikono miwili myembamba yenye kucha ndefu nyekundu, na sabuni katikati. Ulisimama mbele yake umeshika kiuno. "Saidi, hii ni mikono ya nani? Ya kwangu iko na masizi." Akataka kufuta. Ukamkataza, na jioni ile ukapaka kucha zako rangi nyekundu, ukatwanga nazo ndizi wiki nzima. Picha ipo bado. Mvua imekula sabuni, kucha zimebaki.

Na mimi ulinifanya nisome. Nilisoma nimesimama karibu na moshi, wewe umenipa mgongo, unakoroga. Nikirefusha, ulisema bila kugeuka: "Bon, inatosha. Lituma inapoa." Nilichukia mwanzoni. Baadaye nikirudi nyumbani nilikuta kwamba pale uliponikatiza ndipo mchezo ulipokuwa umekwisha, na yote yaliyofuata yalikuwa maringo yangu tu. Hukusoma zaidi ya shule ya msingi ili mimi nisome, Yaya, na hakuna mtu aliyenihariri vizuri kama mgongo wako.

Jirani mmoja alikuonya. "Hawa ba-artistes yako watakuletea ugonjwa." Ukamwonyesha ndoo ya maji, ukamwonyesha vigoda vilivyoachana, ukaendelea kupika. Halafu ukaanza kukohoa. Ukasema ni moshi. Sisi sote tulikubali kwamba ni moshi kwa sababu tulitaka uwe moshi.

Sijui ni nani aliyekuletea ugonjwa. Pengine abiria wa mtumbwi, pengine mteja wa samaki. Pengine mmoja wetu, alipokuwa akiimba. Kila mmoja wetu amejilaza na swali hilo kitandani, na hatujawahi kulizungumza.

Walikuzika watu waliovaa nguo za kujikinga kuanzia kichwani. Mimi na mjomba tuliruhusiwa kusimama mbali. Wenzangu walizuiwa ng'ambo, hawakupewa nafasi ya kuvuka. Hakukuwa na kikao cha msiba, hakukuwa na ngoma, hakuna aliyekesha. Wewe uliyemlazimisha kila mtu kuimba, ulishuka kaburini bila wimbo hata mmoja. Mjomba alianza mmoja, akaishia mstari wa kwanza. Mimi sikuweza hata kuanza.

Ndiyo maana tumeichelewesha siku hii. Tulisema tutaanua matanga siku ambayo wote watavuka, na kesho watavuka. Furaha anatoka Opala, ameolewa huko. Saidi ataleta rangi atengeneze sabuni. Mwaka huu redio ilipoanza kutaja ugonjwa mwingine, ule wa vipele, wasanii wa mjini walianza kuulizana watakula wapi safari hii, na nikaona wale wa zamani kati yao wakitazama upande huu wa mto. Hakuna kilichobadilika kwa watu kama sisi. Kulikuwa na wewe, sasa hupo. Nimeanza kupalilia ndizi zako. Sina mkono wako wa kutwanga, lakini nimewaambia mlango hautafungwa, na sheria ni ile ile.

Lakini sheria ni kwangu pia. Usiku kucha nimejaribu kukuandikia mchezo, nikachana. Nikajaribu utenzi, nikachana. Asubuhi nimechukua karatasi nikusimulie tu kwamba nimeshindwa, na karatasi imejaa.

Basi hiki ndicho kipande changu. Kesho nitasimama karibu na jiko, mbele ya ukuta wa Saidi, nikisome. Najua kirefu. Najua pia kwamba nitafika mahali hapa, ninyamaze, ningoje mgongo wako uniambie inatosha, na uani patakuwa kimya. Kama Papa Basile ana huruma, atalisema neno hilo yeye. Kama hana, nitalisema mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Bon, inatosha, Yaya. Wenzangu, nipeni sahani yangu.

Mdogo wako wa mwisho,
uliyempa kigoda karibu na moshi