Kamera Aliyoichagua Kipanga

Nyumbani kwa Mama,
ghorofa ya pili, mlango ulio karibu na ngazi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Watoto nao wanaendelea kurefuka kama ulivyokuwa wewe, miguu mbele, akili inafuata baadaye? Na lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Mimi mgongo unaniuma kidogo kwa kuinamia cherehani, maana msimu wa sare za shule umefika na kiwandani hatupumui, lakini huo si ugonjwa, ni kazi.

Najua unachotaka kusikia. Kwenye simu ulinidakia kabla sijafika popote: "Nimewaambia mnunue ile kamera mpya, mmenunua nyingine. Sasa nilikuwa naongea na nani?" Halafu ukakata. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Barua huwezi kuikatia. Vua viatu, kaa, soma mpaka mwisho, kisha ukasirike kama hasira itakuwa bado ipo.

Zawadi yako ya pesa za kamera ilipofika, mdogo wetu hakutulia. Alizunguka sebuleni mpaka Mama akamwambia atatoboa zulia. Unamjua Kipanga na picha. Miaka yote amekuwa akizipiga kwa ile simu yenye kioo kilichopasuka. Pale kwenye karakana ya samani anapopiga vanishi, wenzake wakipumzika yeye anapiga picha viti vikikauka juani, maranda sakafuni, mikono ya fundi mkuu ikiwa nyeupe kwa vumbi. Zamani walikuwa wakimcheka. Siku hizi wanachana nywele kabla ya kuingia kazini.

Basi tukaenda dukani Jumamosi moja ya mwezi uliopita, yeye amevaa shati lake la kijani alilolipiga pasi mwenyewe. Binti muuzaji akatuwekea kamera mbili juu ya kaunta. Kaka, kwangu mimi zile zilikuwa pacha. Zote nyeusi, zote za kampuni moja, zote za kubadilisha lenzi. Hata bei zilikaribiana, kwa hiyo pesa haikutusaidia kuamua. Ile uliyoitaka wewe ni ya juzijuzi, nyepesi, skrini yake inageuka huku na huku, na inachukua video yenye sauti safi. Nyingine ilitoka miaka michache nyuma. Ni kubwa kidogo, nzito, na skrini yake haigeuki hata uiombe.

Yule binti hakuwa na ubaya, ila alifanya kama watu wote wanavyofanya: akaongea na mimi. "Mwambie hii mpya ikishakamata fokasi, picha ikawa safi, inalia, pii!"

Nikamwambia Kipanga kwa mikono. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akanijibu, nikatafsiri: "Anasema hiyo pii mpe mwenye masikio."

Binti akaziba mdomo kwa aibu. Kipanga akamkonyeza kumtoa wasiwasi. Tangu hapo binti akamgeukia yeye mwenyewe, akawa anaongea polepole ili amsome midomo, na pale maneno yalipokwama akaonyesha kwa kidole. Mimi nikapata nafasi ya kuegemea kabati.

Kipanga akaomba kutoka na kamera zote mbili mpaka mlangoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu juu ya ngazi anapaka rangi bango la duka la viatu. Akampiga picha kwa kamera hii, akampiga kwa ile, akarudia, akainama, akarudia tena. Miguu yangu ikavimba. Mwishowe akazilaza kamera pamoja, akawa anakuza picha kwenye skrini moja, halafu nyingine. Akatikisa kichwa. "Picha ni zilezile," akaniambia.

Nikashusha pumzi. "Basi chukua ya Kaka, twende zetu. Usimwudhi, ni zawadi yake." Binti naye akaniunga mkono, akasema mpya ni mpya, haitapitwa na wakati mapema. Wanawake wawili tukamkalia mtu mmoja kooni.

Unamjua alivyo. Shule tulimchagulia sisi. Kazi alitafutiwa na mjomba. Hata rangi ya shati Mama alikuwa akimchagulia, naye anatabasamu na kupokea. Nilijua atapokea na hii. Kaka, hakupokea.

Alishika ile mpya kwa mkono wa kulia, akajaribu kuongea na mimi kwa wa kushoto. Ikamponyoka kidogo. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kinaning'inia chini, hakina pa kushika, ikabidi aidake kwa mkono wa pili. Kisha akachukua ile nzito. Mshikio wake ni mnene, vidole vyote vikakaa mahali pake. Akaiweka jichoni, na huku iko jichoni, mkono wa kushoto ukaanza kuniambia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto:

"Dada, wewe ukishika kamera kwa mikono miwili, bado unaweza kuongea na mtu unayempiga picha. Mimi nitaongea naye kwa kitu gani?"

Mimi ninayeongea naye kwa mikono tangu akitambaa, sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Akaongeza kwamba ile nzito ukibonyeza inapiga teke dogo, naye analisikia kidoleni, anajua picha imeingia. Ile nyingine ni laini mno, anabonyeza na kubaki anashangaa. Nikamweleza binti yote. Akatazama boksi, akaligeuza upande wa pili, akacheka: "Hayo hayajaandikwa popote." Kisha, bila kuulizwa, akaanza kumfungia ile nzito.

Kipanga alilipa mwenyewe, akatia saini karatasi ya dhamana ya kamera mwenyewe, akatoka kamera ikiwa kifuani. Mimi nikamfuata nyuma, na nakwambia kweli, nilikuwa natamani kila tuliyepishana naye aniulize yule ni nani kwangu.

Sasa, kila ulichosema kwenye simu ni sahihi. Skrini haigeuki. Video zake ni za kawaida. Ni nzito, Mama anasema ni kama kutembea na pasi shingoni. Sibishani na ujuzi wako. Ila wewe ulichagua kwa ajili ya mtu mwenye mikono miwili ya ziada.

Nina jambo jingine, ambalo kwenye simu sikuweza kulisema kwa sababu Mama huwa amekaa karibu. Ukipiga simu ya video, wewe unaona dari tu, unacheka, unasema Mama hajui kushika simu. Anajua sana. Tangu augue ugonjwa uliompooza upande mmoja wa uso, mdomo umekwenda kushoto, naye hataki kuonekana. Kioo cha chumbani amekigeuzia ukutani. Akiongea na jirani mlangoni, ncha ya mtandio iko mdomoni. Alitukataza tusikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi uje kumlilia.

Kipanga hakumwelekezea kamera. Alikaa naye jikoni siku nyingi, akapiga picha birika, akapiga maganda ya viazi, akaomba ruhusa, akapiga mikono yake. Mama akazoea mlio wa lile teke dogo kama alivyozoea saa ya ukutani.

Jana asubuhi Mama alikuwa dirishani anachambua mchele. Kipanga akainua kamera kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akaanza kusimulia siku yako ya kwanza kazini, ulivyotoka umevaa viatu vya marehemu Baba vilivyokuzidi. Unajua anavyokuiga: vidole viwili tu vinatembea hewani, vinavuta miguu, vinasimama, vinatazama kama kuna anayeona, kiatu kimoja kinabaki nyuma, vinarudi kukifuata. Mama alijikaza. Akashindwa. Akatupa kichwa nyuma akacheka mpaka mtandio ukaanguka begani, na mchele ukamwagika.

Hapo ndipo Kipanga alipobonyeza.

Kicheko kikakatika. Mama akanyoosha mkono. "Lete nione."

Nilikuwa hapo hapo jikoni, mwiko mkononi, najiambia leo ndiyo leo. Mama akaitazama ile picha kwa karibu, akaisogeza mbali, akadai miwani yake. Akagusa upande ulioshuka pale kwenye skrini, kisha akagusa shavu lake.

"Mdomo umekwenda upande," akasema.

Kipanga alimsoma. Akamjibu kwa ule mkono mmoja: "Umekwenda. Kicheko ni kilekile."

Mama aliokota punje za mchele zilizomwagikia mapajani, moja moja. Halafu akanigeukia mimi, si yeye, na sauti ilikuwa ya Mama yule wa zamani: "Mwanangu mkubwa hajaiona sura hii. Ichapishwe, apelekewe. Na mwambie aache kuongea na dari."

Picha yenyewe nimeiweka katikati ya makaratasi magumu ninayokatia mitindo, isikunjike. Itoe polepole. Aliyeichapisha alinirudia mara mbili kuniuliza imepigwa na nani. Swali la pili sikulingoja limalizike. Nilisema: mdogo wangu, na kamera aliichagua mwenyewe.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa chake nimekipata. Binti yako Kibibi mwambie shangazi anamshonea gauni lenye mifuko, kama alivyoagiza. Yule mdogo mbusu, hata akikataa. Kipanga anakusalimu kwa mikono miwili, maana leo kamera iko mezani. Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi isiyokuchosha roho, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jumapili ijayo piga simu mchana, kukiwa na mwanga dirishani. Mama amesema atashika simu mwenyewe.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako, Sindano