Kwa Nini Shosho Alikaa Kahawani na Karai Kichwani

Doldol

Mama yangu,

Kabla hujaniuliza kama ninakula, jua kwanza kwamba kutoka hapa mpaka Nanyuki hakuna mtu anayejua mambo ya mbingu kunishinda mimi mwanao. Hao wa chuo kikuu waje na vitabu vyao, nitawafunza nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Ninakula, nimenenepa, na mbuzi wa Mzee Abdi wananitii kuliko mimi nilivyowahi kukutii wewe. Je, mgongo wako umepoa? Kahawa mmemaliza kuchuma? Na mkono wa shosho, bado uko na plasta?

Ujumbe wako niliupata. Ati Jumamosi mnakutana, na baba mdogo atakuja na gari amchukue shosho, mama yake mzazi, akaishi kwake Kutus, kwa sababu akili zimeanza kumtoka. Ati nyumba yake mtaifunga. Nimeusoma mpaka kioo cha simu kimelowa jasho. Ndiyo maana nimeandika barua, nimpe dereva wa lori la mbuzi ailete. Kwa simu ungenikata kabla sijafika mwisho.

Huku malishoni hakuna mtandao. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kutoa mbuzi, ninasimama karibu na duka la Mzee Abdi penye intaneti, ninafungua kurasa nyingi kwa simu, halafu ninazisoma siku nzima nikichunga. Wenzangu hufungua mpira. Mimi hufungua nyota. Kuna mzee mmoja, sijui wa nchi gani, aliyejijengea darubini nyuma ya nyumba yake. Anapiga picha za miezi ya Jupita na kuisifu kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Kuna watafiti wanaoorodhesha mawe yanayopita karibu na dunia. Niliachia shule kidato cha pili, lakini Kiingereza chao ninakivunjavunja mpaka kinasema. Mzee Abdi ananiita profesa wa mbuzi. Anafikiri ananitania.

Halafu nikapata tovuti ya watu wanaofuatilia vyuma: roketi kuukuu na setilaiti zilizokufa, zinazozunguka huko juu mpaka zichoke zianguke. Hao si serikali, ni watu wanaopenda tu. Wanakisia, na wenyewe wanaandika kwamba wanakisia, na kila baada ya saa chache wanabadilisha. Wanachora mstari mwekundu juu ya ramani, na chuma kinaweza kuanguka popote mstari ulipopita.

Siku ile shosho alipoumia mkono, niliifungua asubuhi bila kuitazama. Saa sita mchana, mbuzi wamelala, nikaitazama. Mstari ulipita mlima, ukapita Nyeri, ukaikata Mukurweini. Nikaikuza ramani kwa vidole mpaka jina la kwetu Gakindu likatokea, na ule wekundu ulikuwa juu yake. Makisio yao yalikuwa kwamba kingeanguka wakati wowote tangu asubuhi hiyo hadi jioni.

Mama, mimi ndiye nilikuwa nikicheka watu wakikimbia nyuki. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilitazama upande wenu, wingu limefunika kila kitu, na kila ndege aliyepita juu yangu alinishtua. Kwenye tovuti hiyo nilikuwa nimeona picha ya kipande kilichoanguka shambani kwa watu, pete ya chuma pana kuliko tangi letu la maji. Nikaiona juu ya bati la shosho. Niliwaacha mbuzi wa watu, nikapanda kile kilima cha mawe ambapo simu hushika, nusu ninakimbia, nusu ninaomba Mungu.

Nilikupigia wewe kwanza, hukushika. Ulikuwa faktori, kwenye foleni ya kupima kahawa. Nikampigia shosho, akashika.

"Ni nani?"

"Ni mimi, shosho, Muriuki. Toka kwa nyumba sasa hivi."

"Kwani inaungua?"

"Kuna chuma kinaanguka kutoka juu. Enda katikati ya kahawa, mbali na bati, na ujifunike kichwa na karai."

"Karai lina maharagwe."

"Mwaga maharagwe, shosho."

Nikasikia maharagwe yakimwagika. "Nikae huko mpaka lini?"

"Mpaka nikupigie."

"Haya. Na walisema uliacha shule ukiwa mjinga. Asante kwa kunikumbuka, mtoto wangu."

Kwa hivyo ulipomkuta saa moja jioni, amelowa, karai kichwani, mkono umevunjika kwa kuteleza kwenye matope, na akakwambia "Ninangoja," alikuwa anangoja kweli. Akili yake ni nzima kuliko yangu. Amewanyamazia nyinyi wote, hata daktari, ili nisichekwe. Yuko tayari kuhamishwa nyumbani kwake kuliko kunitaja, na hilo linaniogopesha kuliko kile chuma.

Isome barua hii mbele yao Jumamosi, yote, hata pale ninapojisifu. Msalimie baba mdogo, umwambie akiwa na hasira aje nayo huku Doldol, lakini shosho amwache. Msalimie dada yangu Wambui anayejifunza ushonaji Kerugoya, na yule jirani anayemkamulia shosho ng'ombe siku hizi.

Nilitaka kuishia hapo, mseme nilikosea kwa kumpenda. Lakini kuna jambo limebaki.

Nilipokata simu, mtandao ulikuwa umeingia pale kilimani na ramani ikajifungua upya. Mstari haukuwepo. Waliandika kwamba chuma kilianguka saa nne asubuhi, baharini, mbali sana na watu. Nilipoanza kuogopa kilikuwa kimeshalala chini ya maji.

Mvua ilikuwa haijaanza. Salio la kupiga nilikuwa nalo. Nilishika simu mkononi, nikakumbuka alivyosema asante, nikaona aibu kumwambia kwamba profesa amesoma ramani ya zamani. Nikajiambia atachoka, atarudi ndani mwenyewe. Nikashuka kutafuta mbuzi.

Sikumpigia, mama.

Mwanao,
Muriuki