Sukari ya Kibogoyo

Uko wapi wewe? Haya usipokee, soma tu, maana nikiongea nitalia.

Unakumbuka ule utafiti wa uzee, ambao walikuwa wakipima wazee pamoja na mbwa wao? Walimtoa mama damu, wakamtoa na mbwa wake Kibogoyo, siku moja, chumba kimoja. Kesho yake daktari wa mifugo akapiga simu: mbwa ana sukari, mleteni haraka.

MBWA.

Leo nimeenda kule kwao kwenye utafiti kumchukulia Kibogoyo dawa. Nikamuuliza mtafiti aliyekuwa mezani, kwa mazungumzo tu, "Na mama yangu je?" Akafungua kompyuta, akajibu kama anasoma ratiba ya basi: "Naye sukari yake ilikuwa juu sana."

ILIKUWA! Miezi mitano iliyopita!

Mbona hamkusema? Ati, "Dada, fomu ya mbwa inasema mwenye mbwa aarifiwe. Kwa binadamu tunakusanya takwimu tu."

Takwimu tu. Akarudia taratibu, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

Na kile kidonda cha mguu wa mama, muda wote huu tunalaumu viatu! Nimemnunulia jozi tatu, mjinga mimi.

Nimeipiga ile meza mpaka kalamu zikamwagika. Nikamfuata mama nyumbani, sasa hivi tuko hospitali, kwenye foleni. Nilimweleza yote palepale nyumbani, kabla hatujatoka. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. Alimpapasa Kibogoyo kichwani, akaniambia, "Si ungewaambia tu, mwanangu, kwamba hata mimi nina wenyewe."