Jumamosi Zisizo na Hitilafu

Sironga, Nyamira
12 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Ochoki,

U hali gani huko Ufini? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi tu wazima, Bwana asifiwe. Goti la Mama bado linamsumbua, lakini majani chai anachuma, na ndizi za nyuma ya nyumba zimezaa hadi tunagawia majirani.

Nimeanza vizuri, sivyo? Sasa niseme ukweli: nakuonea wivu, na leo sitauficha.

Unakumbuka meneja wangu, Gibson, alipokutumia picha ya ujumbe wa hitilafu. Tawi la sacco yetu kule Nyamarambe lilikuwa likipoteza mtandao kila siku, wanachama wanapiga foleni bure. Mtunza mtandao wa sacco ni mimi, na mlango wangu unatazamana na wake, lakini picha ilikwenda Ufini. Ukajibu kwamba waya umeoza, ubadilishwe wote. Gibson akatembea na jibu lako ofisi nzima.

Ndugu yangu, ulionyeshwa mstari mmoja: "Kiungo kimekatika." Mimi nilisoma kumbukumbu zote ambazo mtambo wa mtandao wa tawi ulikuwa umejiandikia. Kabla ya kila "kiungo kimekatika" kulikuwa na mstari mwingine: "Mtambo umewaka upya." Waya ukioza, mtambo hauzimiki. Kilichokuwa kikiyumba ni umeme. Na uliyumba kila siku, hata Jumapili tawi likiwa limefungwa, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi zote, kimya.

Nani hufanya kazi Jumapili akapumzika Jumamosi? Wewe uliyelelewa nami kwenye benchi moja la Sabato, umeshasahau? Nikaenda Nyamarambe. Nyuma ya tawi, Mzee Onsongo, shemasi wa kanisa la Sabato la huko, ameweka mashine ya kusagia unga. Akiiwasha tu, taa za tawi zinafifia na swichi ya mtandao, ule mtambo wenyewe, inazimika. Nikaifungia swichi betri ya akiba. Tangu hapo hakuna ujumbe hata mmoja.

Ungedhani nitashukuriwa. Gibson hata hakuuliza nilienda kufanya nini. Alimwambia Mama kanisani kwamba umetibu mtandao ukiwa ng'ambo, na kwamba mkataba wangu ukiisha mwezi huu, kazi atakupa wewe uifanye kutoka huko huko. Mama akapiga vigelegele! Nilipofungua mdomo akasema, "Bonareri mama, wacha wivu. Huyo si ni ndugu yako?" Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Labda si Sironga.

Wewe kazi unayo. Mimi nina hii tu, Ochoki, na naipenda. Gibson akikupigia, mkatalie, kisha umweleze habari ya Jumamosi. Kwangu hasikii, kwako atasikia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jana Mama alichinja jogoo kwa heshima yako. Nikamnyonyoa mimi, nikampika mimi. Firigisi akaitenga kwenye kisahani, eti ni ya mwanamume wa nyumba hii, hata kama yuko mbali.

Wasalimie mkeo Purity na mwanenu Brandon. Shangazi Gladys anauliza utakuja lini. Mungu akufunike kwenye theluji hiyo, akurudishe ukiwa na vidole vyote.

Dada yako akupendaye, hata akikuonea wivu,
Bonareri

Tena: firigisi niliila mimi, na ilikuwa tamu.